Mjumbe Kwenye Usukani

Siku niliyostaafu, kampuni ilinizawadia saa ya ukutani. Maisha yangu yote ya kazi nimeamka kabla ya adhana, na siku ambayo hatimaye hakuna anayejali naamka saa ngapi ndiyo wakanipa saa. Nimeitundika sebuleni. Inachelewa, na mke wangu anasema basi inanifaa.

Vijana wa yadi ya Korogwe wameniomba niandike niliyoyaona kwenye semitrela, ili yawasaidie wanaoanza. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, nina muda. Pili, kila nikisimulia kwa mdomo, dereva mwenzangu Hoza hunikatiza katikati na kuharibu. Kwenye karatasi hawezi.

Vyeo na mishahara msivitegemee humu. Vyeo vilikuwa kama mvua za Handeni, zinatangazwa sana kuliko zinavyonyesha, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya usukani, na juu ya taa mbili ndogo nyuma ya tela ambazo nusura zimlie mtu kazi yake.

Mimi Athumani Mgaza ni mtoto wa Handeni, wazazi wangu walilima mahindi na muhogo, na kitu kikubwa kuliko vyote nilichowahi kuendesha kabla ya kuja Korogwe ni baiskeli ya mjomba, tena kwa kuiba. Nilipoanza kazi nilikabidhiwa kwa Mzee Yohana Shemboza, Mshambaa wa kule juu milimani. Alikuwa mlokole. Hakunywa, hakuvuta, hakutukana, na kwa dereva wa lori hilo peke yake lilitosha kumtilia mtu shaka. Nilikaa naye wiki nzima nikisubiri siku atakayojisahau. Mpaka anazikwa hakujisahau.

Lori lake halikuwa na pawa stelingi. Kuligeuza ulipaswa kuinuka kidogo kwenye kiti, kuung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, na kuomba dua kwa dini yoyote uliyonayo. Haya mabega yangu mnayoyasifia hayakutokana na mazoezi. Yametokana na kona za mashamba ya katani, na tela limejaa marobota nyuma.

Siku ya kwanza nilivaa shati jipya, nikapanda upande wa dereva. Mzee Shemboza akanitazama kwa upole kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Shuka, mwanangu. Kazi yako iko nyuma."

Nyuma akanipa kitambaa na maji ya sabuni, akanionyesha taa za indiketa. Nizisugue. Nikazisugua mpaka shati jipya likawa la zamani. Alipokuja kukagua akaniambia nirudie ile ya kushoto.

"Mzee, inaonekana," nikasema.

"Nani kakwambia? Wewe umesimama hapa. Yule anayekuja na basi nyuma yako haoni njia, haoni kilima, haoni kitu. Anaona ukuta unatembea. Hizi taa ndiyo mdomo wa ukuta. Sasa mdomo mchafu nani atausikiliza?"

Hapo ndipo nilipofundishwa lugha ya barabara yetu. Najua mmeikuta na mnaijua, lakini nitaieleza, maana kuna watu wa ofisini watasoma. Ukiwa na lori refu kwenye barabara nyembamba, na gari dogo au basi likakubana nyuma, ukimwashia taa ya kulia unamwambia: subiri, kuna kitu kinakuja mbele, usipite. Ukimwashia ya kushoto unamwambia: njia nyeupe, pita. Kitabu cha sheria hakisemi hivyo. Kitabuni taa ya kulia maana yake naenda kulia, basi. Lakini tangu Korogwe mpaka Chalinze hakuna dereva aliyewahi kuokolewa na kitabu kilimani, na waliookolewa na taa ya kulia ya lori ni wengi, wengine ni waheshimiwa.

Mzee Shemboza alikuwa na jambo lake moja zaidi. Mara ya kwanza nilipomwashia mtu taa ya kushoto, nilimruhusu mwenye basi, nikaona ameshafika ubavuni, nikaizima. Mzee akanipiga kofi mkononi.

"Umemkaribisha mgeni halafu unamzimia taa hajatoka uani kwako?"

"Si ameshaanza kupita?"

"Ameanza. Hajafika. Msindikize."

Kwa hiyo mwiko wa gari letu ukawa huo. Ukiwasha ya kushoto, unaiacha inawaka, unapunguza mwendo kidogo, na macho yako hayamwachi mgeni mpaka amerudi upande wake wa barabara salama. Baada ya hapo unazima. Nilidhani ni mambo ya kilokole. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kumwambia mtu "pita" ni kumshikia roho yake kwa dakika nzima, na roho ya mtu huirushi tu halafu ukageuka kutafuta sigara.

Yaliyofuata nitayakimbiza. Nimebeba katani kwenda bandarini Tanga, saruji kurudi, machungwa ya Handeni kwenda Dar, na msimu mmoja mbaya nilibeba dagaa, na nguo zile mke wangu alizizika. Nimejifunza kurudisha nyuma tela, ambalo ni kama mlevi unayemrudisha nyumbani: ukimwelekeza kulia anakwenda kushoto, na ukimkemea anajikunja. Mzee Shemboza alistaafu, akarudi milimani, akafariki. Na magoti yangu yalipoanza kulalamika kwa sauti, kampuni ikanitoa barabarani, ikanifanya mkufunzi wa madereva, yaani mtu anayelipwa kuwaogopea wengine.

Katika ukufunzi huo ndipo alipokuja Rehema. Rehema ni mama wa Masuguru, ana watoto watatu na mama yake mzazi ndani ya nyumba moja, na mwanaume aliyekuwa amsaidie alikwenda kutafuta maisha na nadhani bado anayatafuta. Alikuwa ameendesha trekta shamba la katani, na trekta lile lilikuwa linavuta matela mawili. Mimi nilijua maana yake. Wenzangu hawakujua. Siku ya mtihani wake wa kurudisha nyuma walijipanga ukutani, mikono kifuani, kuangalia mwanamke akigonga mapipa. Hoza, wa Manundu, dereva mzuri na mdomo mkubwa kuliko tela lake, alikuja na chai na chapati kabisa, kama mtu aliyekwenda kuangalia mpira.

Rehema aliliingiza tela katikati ya mapipa mara moja, bila kurudia. Akashuka, akatembea moja kwa moja mpaka kwa Hoza.

"Kaka, hiyo chapati utaimaliza?"

Hoza akampa. Lakini hakumsamehe.

Basi, mwaka uliofuata yakaja malori mapya, mekundu, mazuri mpaka ukitaka kuyagusa unajifuta mkono kwanza. Na ndani yake akaja yule kiumbe. Fundi aliyekuja nayo alitueleza chini ya bati la karakana. Nyuma ya kioo cha mbele kuna kamera inayoangalia mistari myeupe ya barabara. Ukianza kutoka nje ya mstari wako bila kuwasha indiketa, gari linapiga kelele, na mota iliyoko kwenye usukani inaukamata na kukurudisha katikati, utake usitake. Ukiwasha indiketa, linajua umekusudia, linakuachia.

"Na mahali ambapo mistari imefutika?" akauliza Hoza.

"Hapo halitafanya kitu. Utashika mwenyewe."

"Na mahali ambapo ipo ya aina mbili, ya zamani na ya mkandarasi?"

Fundi alifikiri. "Hapo, kaka, mtakuwa wawili mnaoshika."

Kabla ya saa ya chakula, kile chombo kilikuwa kimeshapata jina: Mjumbe. Kama mjumbe wa nyumba kumi, haitwi na anakuja, anajua mambo yako yote, na anapeleka habari ofisini. Maana kulikuwa na kitufe cha kumzima, lakini meneja wetu aliagiza kwamba kila atakayekibonyeza, taarifa inakwenda kwenye kompyuta yake na mtu ataitwa kujieleza. Meneja alikuwa kijana msafi, mwenye viatu vya kuchongoka, na alikuwa ameyakopea malori yale. Hakutaka kusikia kwamba Mjumbe amezimwa.

Nisimwonee Mjumbe. Siku moja nikilijaribu mojawapo ya malori hayo nilikula makande Segera, makande yale yanayokwenda moja kwa moja kwenye kope, na baada ya Michungwani nikasinzia. Aliutikisa usukani kama ustadhi anavyomtikisa mtoto aliyelala chuoni, akanirudisha. Nilimshukuru kwa sauti nikiwa peke yangu. Kwenye barabara ndefu yenye mistari yake, na dereva aliyechoka, yule ni rafiki.

Tatizo ni kwamba yeye anaona mstari, haoni watu. Unakuta bodaboda ina magunia matatu ya mkaa pembeni ya lami, inayumba. Dereva mwenye akili anasogea kulia kidogo ampishe. Mjumbe anaona umetoka katikati, anakurudisha kushoto, kule kule kwenye mkaa. Unamvuta huku, anakuvuta kule. Au kuna lori limekufa mbele, wenyewe wameshatandaza matawi barabarani kukuonya, wewe unakwepa matawi na yeye anakurudisha uyakanyage. Wiki za kwanza madereva walikuwa wakishuka yadi wamenuna, wameshika mabega, wanamtukana fundi, meneja na aliyegundua umeme. Mimi nikawafundisha: ukitaka kusogea, washa taa kwanza, sogea, rudi, zima. Ni kazi, lakini inawezekana.

Baada ya mwezi mmoja malalamiko yakaisha. Yaliisha kabisa. Nikampigia meneja kumwambia kwamba mafunzo yangu yamezaa matunda, akanipongeza, nikatembea yadi nzima nimebinua kifua. Mzee mzima! Watu wazima thelathini waache kulalamika kwa wakati mmoja, na mimi nikadhani ni kwa sababu ya mafunzo.

Halafu Rehema akapata ajali.

Alikuwa na saruji kutoka Tanga, anapanda kile kilima baada ya Kabuku, polepole, mchana kweupe. Basi limembana nyuma. Yeye aliyeko juu akaona lori la mafuta linachomoza, akawasha taa ya kulia. Subiri. Basi likatoka na kupita hivyo hivyo. Rehema akalitupa lori lake kushoto, nje ya lami, kuwapa nafasi. Basi likapenya kati ya magari mawili makubwa, likang'oa vioo, likaishia mtaroni. Mungu mkubwa, hakufa mtu. Walivunjika mikono wawili, wakachubuka wengi. Tela la Rehema lililala ubavu, na saruji yote ikamwagika. Jioni ile ikanyesha, mvua ile ile ya Handeni isiyokuja ikiitwa, na mpaka leo pale pembeni kuna kipande cha ardhi hakioti majani.

Dereva wa basi alisema: taa ya kulia ilikuwa inawaka, nikajua ni yale yale. Trafiki wakamshughulikia kwa kupita kilimani. Lakini sisi tulikuwa na meneja. Kompyuta ya lori ilimwambia kwamba indiketa ya kulia iliwashwa na Mjumbe akaachia usukani. Meneja akafungua kitabu cha sheria: taa ya kulia, naenda kulia. Kwa hiyo dereva alitaka kuhamia kulia wakati basi linapita, akaharibu lori jipya. Rehema akasimamishwa kazi. Akaambiwa Ijumaa kutakuwa na kikao, na kila mtu alijua Ijumaa ile ilikuwa ya kumfukuza. Na mwanamke aliyefukuzwa kwa kuangusha semi, hapa kwetu, nani tena atampa funguo?

Nikaenda kwa meneja. Nikamweleza lugha ya taa. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Mzee Mgaza, nakuheshimu. Lakini siwezi kumwambia bosi kwamba malori yangu yanapiga soga."

"Njoo uone mwenyewe."

Akakubali. Jumatano nikachukua lori moja jekundu, meneja pembeni yangu na soda yake ya machungwa, tukaenda mpaka Kabuku, tukageuza. Tukiwa tunarudi, basi kutoka Dar likatukamata nyuma. Nikafurahi. Mbele kwenye kona nikaona pikapu inakuja.

"Sasa angalia kioo," nikamwambia. "Namwashia ya kulia. Atatulia kama mtoto wa shule."

Nikawasha. Basi likatoka na kupita.

Nilikanyaga breki mpaka goti likalia. Pikapu ilikimbilia majanini, machungwa yakatapakaa barabara nzima. Basi likarudi upande wake kwa upana wa kiganja, likaenda zake. Soda yote ilikuwa kwenye suruali ya meneja. Akajifuta kwa tai.

"Kwa hiyo," akasema, "lugha yenyewe ndiyo hiyo?"

Nilikuwa nimekuja kumwokoa Rehema, na kwa mkono wangu mwenyewe nimemzamisha. Tulishuka tukamsaidia mwenye pikapu kuokota machungwa yake, mimi na meneja, yeye akiwa amelowa, na niseme kweli, nilitamani kulia.

Segera tulilikuta basi lile limesimama abiria wanakula. Dereva wake alikuwa na sahani ya wali maharage. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kidogo utuue."

"Nisamehe, mzee wangu. Lakini mimi ningejuaje?" Akaweka kijiko chini. "Malori yenu mekundu nani anayasikiliza siku hizi? Unalikuta linawasha kushoto, unasema ahsante, unatoka, uso kwa uso na tanka. Unalikuta linawasha ya kulia, unalifuata kutoka Mkata mpaka Segera hakuna hata mbuzi. Sisi tumeshaambiana. Ukikuta jekundu, usiangalie taa, zile ni za harusi."

Nikasimama pale, na malalamiko yaliyoisha kwa mwezi mmoja yakanirudia kichwani. Washa indiketa, Mjumbe anaachia. Kwa nini basi uizime? Kitufe kinakuchongea ofisini, indiketa haikuchongei. Vijana wangu walikuwa wanawasha taa moja wakitoka Segera, wanaiacha inapepesa safari nzima, na Mjumbe amenyamaza kama amepewa chai. Na wengi waliwasha ya kushoto, kwa sababu ukiwasha ya kulia mabasi yanakupigia honi na kukutukania mama. Ukiwasha ya kushoto yanakupenda. Walikuwa wanawaambia watu "pita" kwenye kila kilima cha wilaya, bila hata kuangalia kioo.

Nilimkumbuka Mzee Shemboza na kitambaa chake. Nilimshukuru Mungu kwamba yuko kaburini.

Meneja naye alikuwa amesikia yote. Lakini alikuwa na akili zake. Njiani akaniambia, "Mzee, kama wanawasha ovyo wote, basi na yeye aliwasha ovyo. Na kama watakataa kwamba wanawasha, basi aliyewasha ni yeye peke yake. Nitajuaje?"

"Watasema," nikamwambia.

"Watasema kwamba wameharibu wao?"

Nikaongeza gia, maana nawajua.

Ijumaa tulikaa karakana, chini ya bati lile lile. Rehema alikaa nyuma kabisa juu ya tairi, amevaa gauni lake la kwendea harusi, na mkoba magotini. Meneja akauliza ni nani anayewasha indiketa kumnyamazisha Mjumbe. Wanaume wale, wanaoweza kubishana toka Korogwe mpaka Mombasa juu ya penalti moja, wakawa wanaangalia viatu. Akauliza tena. Mmoja akakohoa, tukageuka wote, kumbe ni kikohozi kweli.

"Rehema," meneja akasema, "wewe ulijua mchezo huu?"

"Nilijua."

"Mbona hukuandika kwenye maelezo yako?"

"Ningeandika, wangesema mwanamke ameanguka anatafuta wa kuanguka naye." Hakupandisha sauti. "Mimi nimeandika nilichofanya. Niliona tanka, nikawasha ya kulia. Wengine wana midomo yao."

Nilikuwa nimekaa karibu na Hoza. Namsikia anapumua. Nikainama, nikamwambia polepole, kwa Kizigua, ili wa ofisini wasielewe, neno ambalo mwanaume huambiwa mara moja tu na mtu mwenye umri wa baba yake. Silitafsiri hapa.

Hoza akasimama.

"Aliyeanza ni mimi."

Meneja akaacha kuandika.

"Ni mimi niliyegundua, nikawaonyesha hawa. Mjumbe alikuwa ananivunja mabega. Nikawasha taa ya kushoto nikasahau kuizima, nikaona raha, nikaendelea. Huyu mama tulimfundisha akakataa. Alikuwa anapigana na Mjumbe kutoka Tanga mpaka Mkata, akishuka hawezi hata kujifunga kitenge, na sisi tunamcheka, tunamwita mshamba. Taa yake ndiyo ilikuwa ya kweli peke yake kwenye barabara ile." Akajifuta uso. "Yule wa basi hakumwamini kwa sababu yangu. Mkitaka kufukuza, mlango si ule?"

Nimemfahamu Hoza miaka mingi. Siku ile ndiyo siku ya kwanza kumpenda.

Halafu mkono mmoja ukapanda, na mwingine, na ule wa kikohozi. Mpaka mwisho mikono iliyobaki chini ilikuwa ya mlinzi na ya mama lishe aliyekuja kukusanya vikombe. Meneja aliangalia mikono ile, akaangalia ubao wa funguo, akaangalia marobota ya katani yanayosubiri meli. Nadhani aliona mwenyewe kwamba akiwafukuza wote ingebidi ayasukume kwa mikono. Lakini sitamcheka hapa, maana alichofanya wengine wasingefanya. Alisimama, akatembea mpaka kwenye lile tairi, akamwambia Rehema mbele ya watu wote, "Nilikukosea, mama. Jumatatu funguo zako zipo." Na akaongeza kwamba kosa la kitufe lilikuwa lake. Kuanzia siku hiyo, mahali pabovu dereva atamzima Mjumbe bila kuulizwa na mtu, na mahali pazuri atamwasha. Fundi akaja akatuonyesha namna ya kumpunguza nguvu. Hoza aliosha matela miezi miwili, pamoja na taa zake, kwa kitambaa na sabuni. Nilikuwa nakagua. Nilikuwa namwambia arudie ile ya kushoto.

Kurudisha imani ya mabasi haikuwa kazi ya kikao. Tuliwaeleza pale Segera, wakacheka, wakaendelea kutupita kilimani. Lugha ukishaidanganyia haikurudii kwa tangazo. Ilirudi taa moja moja, kwa miezi, kila dereva wa jekundu akisema kweli kwa mtu ambaye hamwamini, na kuendelea kusema kweli hivyo hivyo.

Siku yangu ya mwisho kazini nilikuwa Handeni kukabidhi vitu, nikarudi na pikapu ya kampuni kwa njia ya Mkata. Yadi walikuwa wamenipikia pilau, na Hoza alinipigia simu mara mbili kunitishia kwamba ataanza na sahani yangu. Baada ya Mkata nikakuta semi jekundu limejaa, linapanda kile kilima cha Kabuku upande wa pili, linajikokota. Nilijua namba zake. Alikuwa Rehema, ambaye sasa ndiye anayewafundisha ninyi.

Nikajisogeza nipite. Akaniwashia ya kulia.

Nikachungulia. Barabara tupu. Kwa nilivyoona mimi, tupu kabisa. Pilau inapoa, mimi ndiye mwalimu wake, nimepita kilima hiki kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na mguu ulikuwa umeshaanza kukanyaga mafuta wenyewe. Mbele yangu hakuna kitu ila ukuta unatembea na taa moja safi inayopepesa.

Nikaondoa mguu. Nikasubiri.

Lori la mafuta likatokea juu ya kilima, likashuka kwa kasi, upepo wake ukaitikisa pikapu yangu yote. Rehema akazima ya kulia, akawasha ya kushoto.

Nikapita. Nilipokuwa ubavuni kwake nikapiga honi, akanipungia bila kugeuza uso. Nikarudi upande wangu wa barabara, nikatazama kioo. Taa yake ilikuwa bado inawaka. Ilipoona nimetulia ndani ya mstari wangu, ikazima.